Gari la Umeme Limeanza Mambo Yake: Tafuta Chanzo Kabla Hujamtaja Mdukuzi

Mwezi wa sita, asubuhi, Mbeya, baridi ile ya kuuma vidole. Mwalimu mmoja mstaafu wa Uyole alifika karakana na gari lake la umeme likiwa limepakiwa kwenye Fuso la viazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na bila kupumua akaendelea: "Wamelidukua, kijana wangu. Jana usiku lilikuwa zima. Leo limewaka taa kama mti wa Krismasi na halitaki kuingia gia."

Nikafungua boneti, nikaweka mita kwenye betri ndogo ya volti 12. Ikasoma 10.8. Tulibadilisha betri, taa zikazima zote, Mwalimu akaondoka anaendesha mwenyewe. Mdukuzi wake alikuwa betri iliyochoka pamoja na baridi.

Udukuzi wa magari upo, na nitafika huko. Lakini kati ya magari, bajaji na pikipiki za umeme zinazoletwa kwangu kwa jina la "kudukuliwa", nyingi zina ugonjwa mwingine kabisa, na zile chache ambazo kweli kuna mtu kaingia, mtu huyo hakuvunja mlango. Alipewa ufunguo zamani na hakuna aliyekumbuka kuudai. Gari la siku hizi lina funguo usizoziona: akaunti, laini ya simu iliyofichwa chini ya dashibodi, nenosiri la kiwandani, simu ya mtu iliyounganishwa mwaka juzi. Kwa hiyo mimi huanza na umeme mdogo, nafuata mtandao, na mwisho ndipo nauliza nani mwingine ana ruhusa. Ukigeuza mpangilio huu utamgombeza shemeji yako bure.

Dashibodi nzima imewaka taa

Betri kubwa ndiyo inayosukuma gari, lakini kompyuta zote zinaamshwa na ile ndogo ya volti 12. Ikidhoofika, kila kompyuta inalalamika kwa wakati mmoja: breki, usukani, mifuko ya hewa, hadi kamera. Mtu akiona malalamiko kumi kwa pamoja anafikiri gari limeingiliwa. Kumi kwa pamoja karibu kila mara ni umeme. Kifaa kimoja kinachofanya jambo lake mwenyewe huku vingine vyote viko sawa, hapo ndipo mimi hukuna kichwa.

Pima gari likiwa limelala saa kadhaa. Betri nzima husoma kama 12.6. Ikiwa chini ya 12 imekwisha, au kuna kitu kinainywa usiku. Kisha washa gari hadi lionyeshe liko tayari kuondoka; lazima mita ipande juu ya 13, maana betri kubwa sasa inaichaji ndogo. Isipopanda, tatizo liko kwenye kigeuzi cha umeme, na hilo si la kujaribu mwenyewe. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti mamia.

Sasa, kitu kinachoinywa betri usiku ndicho mara nyingi hutupeleka kwenye usalama wenyewe. Inama chini ya usukani, tazama soketi ya OBD, ile ambayo mafundi huchomeka mashine ya kupimia. Magari mengi yaliyopita kwa madalali nayakuta na kidude kidogo cha Bluetooth kimeachwa kimechomekwa. Mtu alikinunua ili asome hali ya betri kwenye simu, akakisahau. Kinakula umeme mchana na usiku, na vingi vya bei rahisi hutoka kiwandani na namba ya kuunganishia ya 1234 au 0000. Aliyeegesha kando yako sokoni Mwanjelwa anaweza kuunganisha simu yake na kuanza kuzungumza na kompyuta za gari lako. Ni kweli kwamba hataliendesha kwa simu. Atasoma mengi, atafuta hitilafu, na kwa programu fulani atabadilisha mipangilio. Kichomoe. Kichomeke siku unapokihitaji tu.

Programu ya simu inasema gari halipatikani

Hapa huwa najibu kwa haraka, kwa kuwa jibu mara nyingi linasikitisha: halitapatikana tena. Gari lililotumika Japani au Uingereza lina modemu na laini ya huko, na modemu nyingi za zamani ni za 2G au 3G, mitandao ambayo wenyewe wanaifunga. Nissan ilizima huduma ya simu nchini Uingereza kwa magari yake ya umeme ya zamani, Leaf na e-NV200, Aprili 2024 kwa sababu hiyohiyo. Kule Japani, NTT Docomo ilipanga 31 Machi 2026 iwe siku ya mwisho ya 3G yake. Gari likishavuka bahari na kushuka Dar es Salaam, modemu hiyo huwa ni pambo.

Hatari inakuja baadaye, mwenye gari anapoanza kutafuta "fundi wa kufungua app". Atampata. Atatumiwa faili la programu kupitia WhatsApp, ataambiwa aruhusu simu isakinishe vitu visivyotoka kwenye duka rasmi, kisha ajaze barua pepe, nenosiri na namba ya chasisi. Gari halitafunguka. Kitakachofunguka ni simu, na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa. Kama programu rasmi haipo kwa nchi yetu, jua huna hiyo huduma, endesha gari lako, maisha yanaendelea.

Kiyoyozi kinajiwasha, chaji inajianza, milango inajifungua

Mtaa wa Soweto, kijana mmoja alinipigia simu saa 4 asubuhi, sauti imeshuka. Gari lake lilikuwa linawasha hewa ya moto lenyewe kila usiku saa 6 kamili. Mama yake alishaita watu wa maombi. "Fundi," aliniambia, "hili gari lina mtu ndani yake."

Nilimwuliza swali moja: saa ya kwenye dashibodi inasemaje? Akaenda kutazama, akarudi: iko mbele kwa saa 6. Basi hapo kesi ilikuwa imekwisha. Japani iko mbele yetu saa 6 kamili. Mwenye gari wa kwanza, huko kwao kwenye theluji, alitega taima ili gari lipashe moto saa 12 asubuhi kabla hajaenda kazini. Gari likauzwa, likapanda meli, likaja Mbeya, na likaendelea kumwandalia bwana yule joto lake la asubuhi, ambalo kwetu ni usiku wa manane. Menyu ilikuwa ya Kijapani kwa hiyo hakuna aliyeiona.

Kwa dalili hii, chunguza taima kwanza: ya kiyoyozi na ya kuchaji, zote mbili. Kama huwezi kusoma menyu, elekeza simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera. Rekebisha saa. Lala usiku mmoja uone.

Ikiwa taima ni safi na bado gari linatii amri usiyoitoa, hapo kweli kuna mtu mwenye ruhusa. Anaweza kuwa mwenye gari wa zamani ambaye hakuwahi kulifuta kwenye akaunti yake. Gari jipya zaidi lenye modemu inayofanya kazi bado hujibu simu yake kutoka kokote duniani. Kosa linaweza pia kuwa la kampuni yenyewe. Februari 2016 mtafiti wa Australia, Troy Hunt, alionyesha kwamba huduma ya simu ya Nissan Leaf haikuuliza nenosiri lolote: ukijua namba ya chasisi, unawasha kiyoyozi na kusoma safari za mtu. Aliwasha kiyoyozi cha gari la rafiki yake Uingereza akiwa Australia. Nissan iliifunga huduma hiyo kwa muda. Mwaka 2024 kundi la watafiti akiwemo Sam Curry walifanya kitu kinachofanana kwa magari ya Kia, safari hii kwa namba ya usajili tu, ile iliyobandikwa nyuma ya gari kila mtu aione. Kia iliziba tundu kabla watafiti hawajatangaza.

Mkasa wa Nissan una funzo letu sisi wa huku. Namba ya chasisi tunaichukulia kama jina la mtoto, kila mtu ana haki ya kuijua. Dalali anapiga picha kadi ya gari, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la watu 500. Funika namba hiyo kwa kidole kabla hujapiga picha. Mnunuzi wa kweli atakuja kuiona kwa macho.

Kuondoa watu wa zamani, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Fungua orodha ya simu zilizounganishwa kwa Bluetooth na ufute zote, hata yako. Utaiunganisha upya.
2. Futa mitandao ya waifai iliyohifadhiwa, na anwani za ramani. Nimewahi kukuta nyumbani kwa mtu wa Osaka, shule ya wanawe, na hospitali.
3. Rudisha mfumo kwenye hali ya kiwandani kupitia menyu.
4. Kama kampuni ina akaunti inayofanya kazi kwa gari hilo, wasiliana na wakala ili gari liondolewe kwenye jina la zamani. Hatua ya 3 peke yake mara nyingi haigusi akaunti, kwa sababu akaunti iko kwenye seva na haimo ndani ya gari.

Watu wengi huishia hatua ya 3 na kurudi kwangu baada ya mwezi.

Bajaji imezimika katikati ya safari

Dalili hii ndiyo inayoniletea watu wengi, na ndiyo yenye ugomvi, maana hapa kuna bosi, kuna dereva, kuna mkataba, na kuna hesabu ya siku.

Bajaji ya umeme ikizimika, tazama kitu kimoja kabla hujashuka: taa na dashibodi zipo au hazipo?

Dashibodi imezimika kabisa na bajaji ilikuwa inapanda, tuseme kutoka Mbalizi kuja Iwambi ikiwa na abiria watatu na gunia: karibu hakika ni betri imejilinda. Ndani ya betri kuna saketi inayokata umeme seli moja ikishuka chini ya kiwango, au mkondo ukizidi, au joto likipanda. Kwenye mlima volti hushuka kwa muda. Subiri dakika 10 kwenye kivuli, zima, washa. Ikiamka na kufa tena mlima ule ule, kuna seli mbovu. Hakuna mdukuzi anayesubiri mlima.

Dashibodi ipo, taa zinawaka, honi inalia, lakini ukikunja mkono wa mafuta (bado tunauita hivyo, ingawa mafuta hayapo) bajaji haiendi: kagua swichi ya breki iliyonata, kisha waya wa mkono wenyewe. Mvua na matope ya Machi huharibu swichi hiyo kuliko kitu chochote.

Dashibodi imekufa ghafla kwenye tambarare, betri ilikuwa nusu, na baada ya muda inafufuka yenyewe bila wewe kugusa kitu: sasa tuzungumzie traka, kile kifaa cha kufuatilia chombo kilipo.

Bajaji nyingi za mkopo hufungwa traka ya GPS yenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyounganishwa kwenye waya wa swichi ya kuwashia. Bosi akiona hesabu haijafika, anatuma amri kwa simu, rilei inakata. Hilo ni la mkataba na mimi siingilii. Ninachoingilia ni kwamba mara nyingi bosi si peke yake mwenye uwezo huo. Traka nyingi za bei ndogo hutoka kiwandani na nenosiri 123456 na hukubali amri kwa ujumbe mfupi kutoka namba yoyote inayolijua. Fundi aliyeifunga halibadilishi. Mwenye bajaji hajui kama lipo. Julai 2022 kampuni ya usalama ya BitSight na CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, walitoa tahadhari kuhusu traka moja ya Kichina, MiCODUS MV720, ambayo pamoja na 123456 ilikuwa na nenosiri kuu lililochomelewa ndani, moja kwa vifaa vyote. Watafiti walisema vifaa vya kampuni hiyo viko kwenye magari milioni 1.5 hivi, nchi 169. Mtu asiyemjua mwenye gari angeweza kulifuatilia na kulizima.

Niliwahi kuletewa bajaji iliyokuwa inazimika kila Jumamosi jioni. Bosi anaapa hajagusa simu, dereva anaapa hadaiwi. Nikaifungua, nikatoa laini ya kwenye traka, nikaiweka kwenye simu ya kitochi. Ujumbe uliohifadhiwa ulikuwa na namba tatu: ya bosi, ya kampuni ya kufunga, na ya fundi kijana aliyekwishaacha kazi pale. Sababu ya Jumamosi sikuiuliza. Mambo ya watu.

Cha kufanya: badilisha nenosiri la traka siku hiyo hiyo inapofungwa, na usimwachie fundi achague. Weka orodha ya namba zinazoruhusiwa kutoa amri, kama kifaa kina uwezo huo, na futa nyingine. Uliza laini iliyomo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Kama ilisajiliwa kwa alama ya kidole ya fundi, basi laini ni yake, na siku akiipeleka dukani kuibadilisha, amehama na bajaji yako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ya traka iwemo. Mwisho, mwambie fundi aweke sharti kwamba rilei haikati chombo kikiwa kinatembea. Traka nzuri huweza kusubiri mwendo ushuke. Kuzimisha bajaji inayoteremka Iwambi kwa sababu ya shilingi elfu kumi na mbili za hesabu ni jambo la kufikishana mahakamani, na abiria waliomo hawakusaini mkataba wowote.

Kuna mlango mwingine watu hawaujui: betri zenyewe za pikipiki na bajaji siku hizi zina Bluetooth. Programu yake inapatikana bure, na betri nyingi zinakuja bila nenosiri au na tarakimu rahisi. Kijana wa kijiweni anaweza kufungua simu, akaona betri tatu zilizo karibu, akabonyeza kitufe cha kuzuia kutoa umeme kwenye moja, akacheka. Ukienda kwa fundi, betri inaonekana nzima, kila seli iko sawa, lakini haitoi. Kabla hujanunua betri mpya kwa laki kadhaa, mwombe afungue programu hiyo na aangalie kama swichi ya kutoa umeme imezimwa. Kisha muweke nenosiri lenu.

Ramani inaonyesha gari limesimama, na wewe unajua linatembea

Gari limepita Mafinga, limepita Iringa, linashuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni. Kwenye ramani limeganda juu ya mlima kwa dakika 40. Bosi aliyeko Mbeya anaanza kupiga simu.

Kuna njia nzuri ya kutofautisha. Kama tatizo ni mtandao wa simu, traka hukaa kimya kabisa, halafu ikipata mtandao inamwaga nukta zote ilizohifadhi, na ramani inajazia njia iliyopitwa. Bonde la Kitonga hufanya hivyo. Kama mtu amechomeka kizuia GPS, kile kidude cha kwenye soketi ya kuwashia sigara, traka haikai kimya: inaendelea kuleta taarifa za volti na mtandao, lakini inasema haioni setelaiti, na nukta za kipindi hicho hazirudi kamwe. Kimya kinachojijazia ni milima. Traka inayozungumza bila kujua iko wapi, mwulize dereva kwa upole.

Na kabla ya yote, bando. Laini ya traka iliyoisha salio imevunja ndoa ya kazi kati ya mabosi na madereva kuliko wezi wote wa barabara ya Tunduma.

Kilomita zimeyeyuka wiki ya tatu baada ya kununua

Hili ni la wizi, ingawa aliyeibiwa huilaumu hewa ya Njombe. Baridi kweli hupunguza mwendo, na mlima hula, hilo halina ubishi. Lakini baridi haichagui wiki ya tatu.

Leaf huonyesha afya ya betri kwa viboksi 12 pembeni ya kipimo cha chaji. Betri ikizeeka, viboksi hupotea kimoja kimoja. Muuzaji asiye na haya huchomeka mashine kwenye OBD na kurudisha hesabu ya kompyuta ya betri kuwa kama mpya. Viboksi 12 vinarudi, gari linapigwa picha, linauzwa kwa bei ya mwenye afya. Baada ya wiki kadhaa za kuchaji na kuendesha, kompyuta inajifunza ukweli na viboksi vinaanguka mfululizo.

Usinunue kwa viboksi. Chaji gari hadi lijae, endesha njia unayoijua, kwa mfano kutoka mjini kwenda Inyala na kurudi, kisha tazama asilimia ngapi imetumika kwa kilomita hizo. Kompyuta unaweza kuidanganya. Mlima wa Inyala hautadanganyika. Ukiweza, pata mtu mwenye programu ya kusoma betri, aangalie volti za seli gari likiwa linavuta mlimani: betri iliyopakwa rangi huonyesha seli zinazoachana sana.

Hela imekwenda, umeme haujaja

Huku kwetu wengi wetu tunachaji nyumbani, kwenye nyumba za wageni, au kwa rafiki mwenye karakana ya kuchomelea. Chaji ikikatika katikati, tazama kama umeme wa LUKU umeisha. Sitanii. Kisha pima volti: saa 1 hadi saa 4 usiku mitaa mingi hushuka, na chaja hujikatia ili isiungue. Kisha waya wa ethi, ule wa usalama unaoingia ardhini. Chaja nyingi za kubeba hukataa kabisa kufanya kazi kwenye soketi isiyo na ethi, na nyumba nyingi za zamani zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halina kitu nyuma yake.

Penye chaja ya kulipia kwa simu, shida iko kwenye stika. Tapeli hubandika msimbo wake wa QR juu ya ule halisi, unaupiga picha, unapelekwa kwenye ukurasa unaofanana, unalipa, chaja inabaki inakutazama. Ni yule yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", amebadilisha shati tu. Kwaruza stika kwa ukucha. Ikiwa ina nyingine chini, ondoka. Na kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Jina la mtu binafsi mahali ulipotegemea kampuni, ghairi. Ujumbe wa aina hiyo ukija kwenye simu, utume kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kuripoti matapeli.

Mwenye nyumba ya wageni aliyefunga chaja ya waifai naye ana kazi. Badilisha nenosiri la kiwandani, na usiiweke chaja kwenye waifai ile ile unayowapa wageni. Februari 2022 chaja za barabara kuu ya Moscow na St Petersburg zilionyesha maneno ya kumtukana rais wao, na Aprili mwaka huo chaja za halmashauri kisiwa cha Wight, Uingereza, zikaonyesha picha za ngono. Hebu fikiria hilo mbele ya wageni wa harusi.

Ufunguo uko mezani, gari halipo

Ufunguo wa kutobonyeza hujibu wenyewe kila gari linapouita kwa mawimbi. Wezi wawili, mmoja karibu na ukuta wa sebule, mwingine karibu na gari, hurefusha mawimbi hayo hadi gari lidhani mwenye nalo amefika. Weka ufunguo ndani ya kopo la bati la maziwa lenye kifuniko. Jaribu: simama karibu na gari na kopo mkononi. Likifunguka, kopo halifai.

Ukithibitisha kwamba kuna mtu ndani

Ushahidi wa kweli una sura yake: barua pepe ya kubadilishiwa nenosiri ambayo hukuiomba, simu usiyoijua kwenye orodha, amri kwenye kumbukumbu za traka yenye saa ambayo ulikuwa umelala. Piga picha kila skrini kabla hujafuta chochote. Nimeona watu wanarudisha mfumo kiwandani kwa hasira na kubaki hawana cha kumwonyesha polisi. Badilisha manenosiri kwa kutumia simu nyingine, ukianza na barua pepe, kwa kuwa anayeshika barua pepe anarudi kwenye akaunti nyingine zote.

Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na kumbukumbu za ulikopita ni taarifa zako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume ya kupokea malalamiko. Kampuni ya traka inayompa mpenzi wako wa zamani ramani ya safari zako ina maswali ya kujibu.

Siku ya kukabidhiana

Karatasi ya mauziano huandika injini, chasisi, rangi na bei. Siku hizi mimi naongeza mistari kwa kalamu, mbele ya wote wawili: akaunti imefutwa, simu zimefutwa, soketi ya OBD haina kitu, traka ipo au haipo, laini yake ni namba fulani na imesajiliwa kwa jina la fulani, nenosiri limebadilishwa leo mnunuzi akitazama. Wauzaji wawili wamewahi kukataa kusaini mstari wa traka. Wote wawili traka ilikuwepo.

Yule kijana wa Soweto naye alirudi, mwanzoni mwa Julai. Nilidhani gari limeanza tena. Akasimama mlangoni anasugua mikono, akauliza kama ile taima naweza kumrudishia, iwe saa 11 alfajiri. Mama yake ndiye aliyemtuma. Anawahi ibada ya asubuhi na kiti cha gari ni barafu.